Sura ya Tano: Saa Kumi na Tano Kwenda, Kumi na Nne na Nusu Kurudi

Iulize simu yako umbali wa kutoka Nairobi hadi New York, itakujibu kabla hujamaliza kuandika: kilomita 11,840 hivi. Iulize tena ndege huchukua muda gani, nayo huenda ikagawanya umbali huo kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa na kukupa saa 13 na dakika 10. Jibu la kwanza ni sawa. La pili ni hesabu ya darasani, na ndege haziruki darasani.

Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyo usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018. Ratiba iliyotangazwa ilisema ndege itaondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kufika New York saa 12:25 asubuhi ya kesho yake. Kurudi, itaondoka New York saa 6:25 mchana na kutua Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku ya pili. Katika majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ongeza saa hizo kwenye safari ya kwenda, zitoe kwenye ya kurudi, utapata saa 15 kwenda na saa 14 na nusu kurudi. Chombo ni kilekile, Boeing 787-8, na miji haijasogea. Basi hizo saa karibu mbili zilizozidi hesabu ya simu zimekwenda wapi, na kwa nini kwenda kuwe kurefu kuliko kurudi?

Kwa maoni yangu, umbali ndilo jambo jepesi kuliko yote katika safari ya ndege. Umekaa mahali pake, haubishani na mtu. Muda ndio unaogombaniwa. Upepo unadai sehemu yake, kimo cha uwanja kutoka usawa wa bahari kinadai yake, uzito wa mafuta unadai, na serikali zinazofunga na kufungua anga zao nazo hazibaki nyuma. Ratiba inayobandikwa ukutani ni maelewano yaliyofikiwa baina ya wote hao, na maelewano yenyewe huvunjika mara kwa mara.

Tuanze na umbali, maana hata huo wengi wetu tunaukosea njia. Kwenye ramani ya ukutani tuliyoizoea shuleni, ukivuta mstari kwa rula kutoka Nairobi hadi New York, rula itapita Nigeria, Burkina Faso na Mauritania ndipo iingie Atlantiki. Mstari huo umenyooka, kwa hiyo macho yanaamini ndio mfupi. Ukipimwa juu ya dunia yenyewe unazidi kilomita 12,100. Sasa chukua mpira wa miguu na uzi, weka alama ya Nairobi karibu na mshipi wa kati wa mpira, weka ya New York juu kidogo upande wa pili, kisha ukaze uzi kati ya alama hizo mbili. Uzi hautakubali kufuata njia ya rula. Utapanda kaskazini, utakaza, na utakuwa mfupi kwa zaidi ya kilomita 300.

Njia hiyo ya uzi, kwa kutaja nchi chache tu, inakwenda hivi: Sudan Kusini, halafu Chad, Niger, jangwa la Algeria, na kutokea Moroko. Nusu kamili ya safari iko jirani na Marrakech. Hapo ndipo msafiri anapostaajabu, kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kudhani kwamba kati yetu na Marekani kuna bahari. Kuna bahari, ndiyo, lakini kwanza kuna Afrika. Anayelala Nairobi na kuamka baada ya saa sita, akafungua dirisha akitarajia kuona maji, huenda chini yake bado ni mchanga wa Sahara. Bara hili ni pana kuliko ramani za ukutani zinavyoonyesha, kwa sababu ramani za aina ile hutanua nchi za kaskazini na kuzibana zile za katikati.

Kutoka Moroko uzi unaingia Atlantiki, unapita kaskazini kidogo ya visiwa vya Azores vya Ureno, unapanda hadi latitudo ya juu kuliko New York yenyewe, kisha unashuka kuuendea mji. Ndiyo sababu ramani ya kwenye kiti inapoonyesha ndege inaikaribia Marekani kwa juu kisha inateremka, abiria humgusa jirani yake na kumwuliza kama rubani amepotea. Hajapotea. Yuko kwenye njia fupi, au karibu nayo, maana siku hadi siku njia halisi hupindwa huku na huku kwa sababu tutakazoziona.

Sasa twende Embakasi. Uwanja wa ndege wa Nairobi ulifunguliwa mwaka 1958, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga ilifanywa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Ulipokuja kupewa jina la Jomo Kenyatta, wengi walikwisha kusahau ni mikono ya nani iliyosawazisha ile ardhi. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 4 na kidogo. Urefu huo unatokana na kimo cha uwanja, ambao uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari.

Mwanariadha anayetoka pwani kwenda kukimbia Eldoret anajua maana ya kimo. Hewa ya juu ni nyepesi, kifua kinafanya kazi zaidi kupata kilekile. Ndege nayo inaishi kwa hewa mara mbili: mbawa zinaihitaji ili zinyanyue, injini zinaihitaji ili zichome mafuta na kusukuma. Embakasi hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa au New York, kwa hiyo ndege inalazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi ardhini kabla ya kuinuka, huku injini zake zina nguvu pungufu za kuifikisha kwenye kasi hiyo. Matairi nayo yana kikomo cha kasi yanayoweza kuvumilia. Joto likizidi, hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo usiku wa baridi wa Nairobi, ule unaowafanya wageni watafute sweta, kwa rubani aliyebeba mafuta ya kufika Amerika ni neema tupu.

Uzito wa juu kabisa ambao 787-8 inaruhusiwa kuruka nao ni tani 228 hivi. Ndege yenyewe, kabla ya abiria na mafuta, inakula tani 120 za hizo. Mafuta ya safari ndefu kama ya New York, pamoja na akiba ambayo sheria inadai, hupita tani 70. Kinachobaki ndicho cha kugawana baina ya watu, masanduku yao na shehena ya chini. Ndege za Kenya za aina hii zina viti 234, na kila mmoja wetu akipandishwa mzani na mizigo yake anakaribia kilo 100. Hesabu inabana haraka. Na hapo tumechukulia kwamba ndege inaweza kuruka na uzito wote ule wa juu, jambo ambalo Embakasi haiahidi kila siku. Joto likiwa juu kidogo au upepo ukiwa wa kinyume zaidi, kitu kitabaki: kontena la mizigo, au viti kadhaa vitaachwa vitupu. Wakati mwingine abiria anayelalamika kwamba ameambiwa ndege imejaa huku anaona viti wazi amekutana na hesabu hii bila kuelezwa.

Mafuta yana tabia moja mbaya: nayo hubebwa. Sehemu ya mafuta yanayowekwa Nairobi huchomwa kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine yatakayochomwa baadaye juu ya Atlantiki. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo kilomita ya mwisho inavyogharimu zaidi ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu safari ya kusimama njiani inaweza kutumia mafuta machache kuliko ya moja kwa moja, na ndiyo sababu mashirika huumiza vichwa kabla ya kuanzisha njia ndefu. Abiria hulipia muda aliookoa, na shirika linalipia mafuta ya kuyabeba mafuta.

Tatizo hili la Nairobi si geni kwa waunda ndege. Waingereza waliitengeneza VC10, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1962, wakiwa na viwanja kama vya Nairobi, Kano na Johannesburg akilini. Injini zake nne ziliwekwa mkiani ili mbawa zibaki safi na zinyanyue vizuri kwenye hewa nyepesi. East African Airways, lile shirika la pamoja la Kenya, Tanzania na Uganda, lilinunua toleo refu la ndege hiyo na kuanza kuitumia mwaka 1966. Wazee waliopanda VC10 kwenda London bado wanaisifia kwa jinsi ilivyokwea. Shirika lenyewe lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Kenya na Tanzania kila moja ikaanzisha lake.

Tukishapaa, tunakutana na upepo. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Ooishi, alikuwa akirusha maputo ya kupimia hewa na kuyafuata kwa darubini. Aligundua kwamba juu sana kuna mto wa upepo wenye nguvu ajabu unaokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Akaandika matokeo yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, akitumaini dunia nzima itayasoma. Karibu hakuna aliyeyasoma. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliotumwa kuipiga Japani kwa ndege za B-29 walikutana na upepo uleule na kushangaa kuona ndege zao, zikielekea magharibi, karibu hazisogei juu ya ardhi.

Upepo huo uko kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, palepale ndege za abiria zinapopendelea kuruka. Kasi yake hupita kilomita 150 kwa saa mara kwa mara, na wakati wa baridi kali za kaskazini inaweza kufika mara mbili ya hiyo na zaidi. Februari 2020, kukiwa na tufani Ulaya, ndege ya British Airways ilitoka New York na kufika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Injini zake hazikuwa za miujiza. Ilipata mgongo wa upepo na kuukalia.

Anayetoka Nairobi hakutani na upepo huo mapema. Karibu na ikweta anga ya juu ni tulivu zaidi, na kwa saa kadhaa za mwanzo, juu ya Sudan Kusini na Chad, ndege inakwenda karibu na mwendo wake halisi. Ugomvi unaanza baada ya Sahara, kuanzia Moroko, na unaendelea hadi pwani ya Marekani. Kwa hiyo saa za usingizi wa kwanza ni za bei rahisi, na zile za kuamka na kunyoosha miguu ndizo zinazoburuta. Ukitazama skrini utaona kasi ya ardhini imeshuka hata kufikia kilomita 800 au chini yake, ingawa injini hazijabadilisha sauti.

Mtu mwenye akili ya biashara atasema: hasara ya kwenda italipwa na faida ya kurudi. Hailipwi yote. Chukua upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa njia nzima. Kwenda utasafiri kwa kilomita 840 kwa saa, utumie saa 14 na dakika 6. Kurudi utasafiri kwa 960, utumie saa 12 na dakika 20. Jumlisha, kisha linganisha na kwenda na kurudi bila upepo wowote. Umepoteza dakika 7. Sababu ni rahisi: upepo wa mbele unakupiga kwa muda mrefu zaidi kuliko ule wa nyuma unavyokusaidia, kwa kuwa ukiukabili unakwenda polepole. Dakika 7 si kitu kwa abiria, lakini zidisha kwa safari za mwaka mzima na tani za mafuta, uone kama mhasibu atacheka.

Ndiyo maana kila safari hupangiwa njia upya. Saa chache kabla ya ndege kuondoka, ofisa wa mipango ya safari anachukua utabiri wa upepo, uzito wa siku hiyo na orodha ya anga zilizofungwa, kisha anatafuta njia yenye muda mdogo, hata kama ina kilomita nyingi. Mara nyingine ndege hushuka kusini kukwepa upepo, ikaongeza kilomita mia kadhaa na bado ikafika mapema. Ongeza dakika za kutambaa kutoka mlangoni hadi njia ya kurukia, za kupanda, za kuzungushwa juu ya New York asubuhi wakati foleni ya kutua ni ndefu, na za tahadhari ambazo kila shirika huziongeza ili lisionekane limechelewa. Huko ndiko zilikokwenda zile saa mbili.

Sasa zile anga zilizofungwa. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, anga ya Sudan ilifungwa, na ndege za kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka nchi iliyo kubwa kuliko Kenya na Tanzania zikiunganishwa. Agosti 6 mwaka huohuo watawala wa kijeshi wa Niger nao wakaifunga anga yao, hadi tarehe 4 Septemba. Rudi kwenye ule uzi wetu uone Niger iko wapi. Kwa karibu mwezi mzima njia fupi kutoka Nairobi hadi New York ilikuwa imezibwa katikati ya jangwa, na hakuna kilomita hata moja iliyokuwa imebadilika.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili uko mbali na kwetu, kati ya Helsinki na Tokyo. Shirika la Finland lilijijengea biashara kubwa kwa sababu njia fupi ya kwenda Japani inapita juu ya Siberia, na Helsinki iko mlangoni. Safari ilikuwa ya saa 9 na nusu hivi. Mwishoni mwa Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na nchi za Ulaya kuifungia anga zao, Urusi nayo ikafunga yake. Ndege za Helsinki kwenda Tokyo zikawa za saa 13 hivi, nyingine zikipita upande wa Ncha ya Kaskazini na abiria wakipewa vyeti vya ukumbusho wa kuivuka. Cheti ni kizuri, lakini shirika lilikuwa limepoteza faida ya mahali nchi yake ilipokaa, kitu ambacho mtu angedhani hakiwezi kunyang'anywa.

Nairobi nayo inajua makaratasi yanavyoweza kurefusha safari. Mwaka 2009 Delta ya Marekani ilikuwa tayari kuanza kuruka hadi Nairobi ikipitia Dakar. Tarehe ilitangazwa, kisha serikali ya Marekani ikaizuia dakika za mwisho kwa sababu za usalama. Februari 2017 ndipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na bado ikachukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kurekebisha uwanja, kutenganisha abiria wanaofika na wanaoondoka na kukamilisha vibali. Katika miaka yote hiyo mtu wa Nairobi alikwenda New York kwa kupitia Amsterdam, London, Dubai au Doha, na safari ya mchana na usiku mzima ilikuwa ya kawaida. Dubai na Doha ziko kaskazini-mashariki ya Nairobi. Watu walikwenda Amerika kwa kuanza kuipa mgongo.

Na kabla ya hapo? Februari 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilifungua huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria. Abiria walilala hotelini njiani, na kipande cha Ulaya walikivuka kwa treni. Iliitwa safari ya ndege, ikahesabiwa kwa siku.

Halafu ukaja mwaka 1959. Tom Mboya alikuwa amezunguka vyuo vya Marekani akiomba nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikuwa na nia ya kusomesha Waafrika wengi kabla ya uhuru. Nafasi alizipata. Kilichokosekana ni nauli. Wasanii na wanamichezo Weusi wa Marekani, wakiwamo Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuomba michango, na Septemba 1959 ndege ya kukodi ikafika New York ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri alikuwamo msichana aitwaye Wangari Muta, aliyekwenda kusoma Kansas na ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. (Barack Obama mzee, ambaye husimuliwa kana kwamba alikuwa kwenye ile ndege ya kwanza, hakuwamo, alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia nyingine.) Hakuna ndege ya abiria ya wakati ule ambayo ingeweza kutoka Nairobi na kufika New York bila kushuka kujaza mafuta. Kufikia 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki na nchi za jirani walikuwa wamekwenda kwa mpango huo. Kwao kilomita zilikuwa zilezile 11,840, na zilipimwa kwa michango.

Injini mbili za 787 nazo zina historia yake. Zamani Marekani iliamuru ndege ya injini mbili isiwe mbali na uwanja kwa zaidi ya dakika 60 za kuruka kwa injini moja, na kwa hiyo bahari kuu ikawa ya ndege za injini tatu au nne. Mwaka 1985 kikomo kilipandishwa hadi dakika 120, na mwaka 2014 787 iliidhinishwa hadi dakika 330. Bila ruhusa hizo ndege ya injini mbili ingelazimika kupinda njia ili isiondoke karibu na viwanja. Hata hivyo visiwa vya katikati ya bahari havijapoteza kazi. Agosti 2001 ndege ya Air Transat iliyotoka Toronto kwenda Lisbon ilivujisha mafuta hadi injini zote mbili zikazimika juu ya Atlantiki usiku. Kapteni Robert Piché na msaidizi wake waliiteremsha ikielea kama kishada kwa takriban dakika 20 mpaka wakaitua Lajes, Azores, na watu wote 306 wakatoka hai. Visiwa hivyo ndivyo vilevile ambavyo njia ya Nairobi inavipita kwa juu kidogo.

Ndani ya ndege kuna watu ambao saa 15 haziwezi kuwa zamu moja kwao. Safari kama hii inahitaji marubani wanne, wawili wakiendesha na wawili wakipumzika. Juu ya dari ya abiria, mahali usipodhani pana nafasi, kuna vitanda vya wafanyakazi vinavyofikiwa kwa ngazi nyembamba nyuma ya mlango usio na maandishi makubwa. Mhudumu aliyekuletea chai juu ya Chad huenda amelala mita mbili juu ya kichwa chako mnapovuka pwani ya Moroko.

Kama unapenda kulinganisha, New York na Singapore zimeachana kwa kilomita 15,300 hivi na ndege hukaribia saa 19, kwa hiyo Nairobi haimo kwenye zile ndefu kupita zote. Lakini Singapore iko usawa wa bahari.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, hesabu yake haianzii Embakasi. Dar hadi Nairobi ni kama kilomita 670, saa moja na robo angani, na mara nyingi kusubiri ndege ya pili kunachukua muda mrefu kuliko kuruka. Ukikata tiketi, tazama saa za kusubiri kabla ya kutazama bei, na tazama ni siku zipi za wiki ndege ya moja kwa moja ipo, kwa sababu tangu korona iisimamishe mwaka 2020 na ikaja kurejea, huenda isiwe ya kila siku kama ilivyoanza. Kumbuka pia kwamba Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi, na tofauti inakuwa saa 7 badala ya 8.

La mwisho ni tarehe. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na siku mpya kwenye tiketi inaanza usiku wa manane. Tiketi inayosema 00:25 tarehe 10 inakutaka uwe uwanjani usiku wa tarehe 9, saa tatu. Na anayekuja kukupokea Nairobi mpe tarehe ya kutua, maana aliyeondoka New York Jumatatu mchana anafika Jumanne asubuhi.